KIMYANGA HAKINA MJOMBA ULAYA

Waholanzi wana ua lao liitwalo tulipu. Karne ya 17 walilipenda hata wakapita kiasi. Yale yenye michirizi ya rangi mbili yaliuzwa kwa bei za wazimu, mpaka soko likaanguka Februari 1637. Kumbe michirizi ile ilikuwa maradhi! Mwaka 1928 Bibi Dorothy Cayley wa Uingereza alionyesha kwamba yanaambukizwa kutoka kitunguu cha ua hili hadi cha lile. Baadaye ikajulikana kuwa ni virusi vinavyobebwa na vidukari. Huko Lisse, Uholanzi, kulijengwa hata maabara ya maua ya namna hiyo. Hatuwacheki. Ua ni biashara yao, nao hulilinda.

Na sisi je? Mwaka 1966, karibu na Kisumu, mpunga wa aina ya Sindano ulionekana umedumaa, majani ya manjano, masuke matupu. Ndicho kile ambacho wakulima wetu wengi wa Tanzania hukiita kimyanga. Nacho ni virusi. Hubebwa na mbawakavu, hata mundu uliotoka katika jaruba lenye ugonjwa huweza kukipeleka. Mwaka ule ule chuo cha utafiti wa mpunga cha Los Baños, Ufilipino, kilitoa mbegu ya IR8 iliyozidisha mavuno ya Asia. Lakini kimyanga ni gonjwa la Afrika. Asia hakipo. Basi nani wa Asia akeshe usiku kwa ajili yake? Mbegu nyingi za kigeni zilizoletwa katika majaruba ya Afrika zilikiangukia mara moja, na Supa yetu tuipendayo kwa harufu yake haikisalimiki pia.

Sikilizeni sasa, wanachama wenzetu. Dawa haikupatikana Ulaya. Ilikuwamo katika mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, ule uliofugwa na wazee wetu bondeni mwa mto Niger yapata miaka 3,000 iliyopita, na katika mbegu moja ya Msumbiji iitwayo Gigante. Mpunga ule wa wazee uliitwa duni, ukaachwa pembeni. Haki isemwe: wataalamu wa Ufaransa walifanya kazi pamoja na Waafrika, na mwaka 2006 jeni yenye kinga ilitambuliwa. Naye Monty Jones wa Sierra Leone, akiwa Bouaké, Ivory Coast, aliwahi kuuoza mpunga huo na ule wa Asia, likazaliwa kabila la NERICA. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Ujuzi, basi, upo. Lakini Maputo mwaka 2003 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na nchi nyingi hazijaifikia. Mtafiti asiye na gari wala mafuta atafikaje kwenye jaruba la mkulima? Atatoa mbegu bora, nayo ikae kabatini!

Tunasema hivi: mbunge akija tawini kwenu msimu huu, msimwache aondoke kwa kupigiwa makofi tu. Mwulizeni ni mbegu ipi yenye kinga ya kimyanga itakayouzwa wilayani kwenu, kwa bei gani, na kabla ya mvua zipi.