Msiondoe Saa ya Hadithi

Wazazi wenzangu,

Kwenye kikao kilichopita baadhi yenu mlipendekeza saa ya hadithi, michoro na maigizo ipunguzwe ili watoto wapate muda zaidi wa mazoezi ya sarufi. Nimelipokea pendekezo hilo kwa heshima, ila sikubaliani nalo.

Najua linakotoka. Mwaka 2018 serikali ya hapa ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020, na tangu hapo wengi wetu tunawaza mitihani. Tena mafuta ya gari ni ghali. Mzazi aliyevuka jiji zima Jumamosi asubuhi anataka kuona daftari limejaa, si karatasi yenye fisi wa rangi ya zambarau.

Sasa tazameni kitu kidogo sana: -ka-. Watoto wetu wengi wanajua nilikula, ninakula, nitakula. Hayo yamo katika kila zoezi. Lakini "nikaenda, nikamkuta, akanisukuma, nikaanguka" hayapatikani kwa kujaza mapengo. Hiyo -ka- makao yake ni hadithi. Ndiyo kamba inayofunga tukio moja na lingine. Mtoto asiye nayo anaweza kuamkia wakubwa, kuomba maji na kuhesabu hadi mia, lakini hawezi kukusimulia siku yake. Akisukumwa uwanjani shuleni atasimulia kwa Kiingereza, au atanyamaza. Na wapo akina mama kati yetu, na zaidi akina bibi waliokuja kusaidia kulea, ambao Kiingereza cha haraka kinawapita. Mtoto anaumia, na anayempenda kuliko wote hana habari.

Hilo ndilo linalonisumbua mimi, kuliko mtihani.

Kuhusu kuchora na kuigiza, mimi ni nesi. Wodini ukimuuliza mtoto anaumwa wapi, mara nyingi anakutazama tu. Mpe mdoli aonyeshe, na mkono ukishaonyesha, mdomo unafuata. Darasani ni vivyo hivyo. Muhula huu tumechora kanga za karatasi. Watoto walijifunza kwamba kanga ina pindo kuzunguka kingo, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno ambayo mama huyachagua kwa makini akijua nani atayasoma. Kisha kila mmoja akatunga jina lake. Kijana mmoja akaandika: "Dada husiguse chaja yangu." Tukacheka, tukaiondoa ile h pamoja, na darasa zima likapata usiguse, usichukue, usiseme bila kufungua jedwali lolote. (Dada mtu naye akatunga jibu, ila hilo siliandiki hapa.)

Hadithi pia inatupatanisha sisi wa Tanzania, Kenya na Kongo. Tulipowaambia watoto wachore nyanya akipika, wa Kenya walichora bibi yao. Mmoja wa Tanzania alichora tungule jekundu lenye miguu, limevaa kanga, linakoroga sufuria. Kila mtu alikuwa sahihi. Hakuna zoezi la kuchagua jibu lingeweza kuwafundisha hilo.

Na mtaa huu wenyewe una hadithi. Hapa kilimani Observatory palikuwa na kituo cha kutazama nyota, na mwaka 1915 mkuu wake, Robert Innes, aligundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu. Wazee wa kwetu nao walikuwa na Kilimia, kundi la nyota lililowaonyesha wakulima kwamba msimu umefika. Watoto wakubwa wanaandaa mchezo ambamo Kilimia kinakuja Johannesburg kumtembelea Proxima, na wanagombana nani jirani wa kweli: aliye karibu, au anayekujulisha wakati wa kupanda. Wanautunga wenyewe. Mimi nashika kamusi tu.

Wala sisemi sarufi iachwe. Napendekeza dakika ishirini baada ya hadithi, tukitumia sentensi walizotunga watoto wenyewe, makosa yao yakiwemo. Mtoto husahihisha kwa hamu sentensi aliyoitunga. Sentensi ya Juma na Asha kwenda sokoni haimhusu.

Nyumbani nawaomba dakika kumi tu, hata jikoni. Sema "Paukwa!", asubiri kidogo, ajibu "Pakawa!", kisha yeye ndiye asimulie. Akikwama, muulize "ikawaje?" Akichomeka neno la Kiingereza, lirudishe kwa Kiswahili ndani ya swali lako na muendelee. Usimkatize kusahihisha, ngoja amalize. Na tafadhali, msimwekee katuni kwenye simu mkaiita hadithi. Katuni haimuulizi chochote.

Jumamosi ijayo kila mtoto aje na kanga au kitenge kilichochakaa, maana tunahitaji nguo za Kilimia. Na mzazi yeyote anayebaki garini akisubiri, apande darasani. Tunatafuta mtu wa kuigiza fisi.