Shetani Chini ya Mamlaka ya Mungu

Waprotestanti wa karne ya 16 na ya 17 walimwogopa Shetani kwa dhati. Martin Luther, John Calvin na waliowafuata waliacha mengi ya Kanisa la Roma, lakini habari za Ibilisi hawakuziacha. Wengi wao walimwona amekaribia kuliko zamani, kwa kuwa waliamini kwamba siku za mwisho zimefika na kwamba adui ameghadhibika kwa sababu Injili inahubiriwa upya. Pamoja na hofu hiyo walishikilia neno moja kwa nguvu: Mungu ndiye mwenye enzi yote, na Ibilisi hawezi kugusa hata unywele wa mtu bila kibali chake. Ndiyo maana mimbarani alitajwa sana Ayubu, aliyepokonywa mali, watoto na afya, kila pigo kwa ruhusa iliyotoka juu.

Fundisho hilo lilikuwa upanga ukatao kuwili. Anayetaka kujua kwa nini watu waliomcha Mungu waliwaua jirani zao kwa tuhuma za uchawi hana budi kuutazama ukali wa pande zote mbili.

Kabla ya Matengenezo ya Kanisa, Mkristo aliyehisi amerogwa alikuwa na kinga nyingi mkononi: maji ya baraka, mishumaa iliyobarikiwa, ishara ya msalaba, maombezi ya watakatifu, padri wa kupunga pepo. Wengi wa wahubiri wapya walizikataa, wakisema ni ushirikina, na wengine wakaziita uchawi wenyewe. Mwaka 1604 Kanisa la Uingereza liliwakataza makasisi kupunga pepo bila kibali cha askofu. Zilizobaki ni sala, kufunga, toba na subira. Kwa mkulima ambaye ng'ombe wake wameanguka zizini usiku mmoja, subira ya Ayubu ilikuwa dawa chungu. Wengi walikwenda kwa siri kwa mganga wa kijiji. Wengine walikwenda mahakamani, maana tangu 1563 Uingereza na Scotland zote mbili zilikuwa na sheria za kuwaua wachawi.

Wanatheolojia hawakumhurumia hata mganga. William Perkins wa Cambridge, ambaye kitabu chake juu ya uchawi kilitolewa mwaka 1608 baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba mchawi ni yule aliyefanya agano na Ibilisi, awe anadhuru au anaponya. Kwake mwenye kuponya alikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa anawavuta watu wamtegemee Shetani kwa shukrani. Kwa hukumu hiyo mganga wa kijiji alistahili adhabu ileile ya mwuaji.

Matokeo yake yaonekana Scotland. Mwaka 1590 Mfalme James wa Sita alirudi kutoka Denmark na mke wake, Anne, baada ya safari iliyosumbuliwa na dhoruba. Ikasemwa kwamba wachawi ndio walioichafua bahari. Agnes Sampson, mkunga na mganga aliyejulikana sana mashariki ya nchi, aliletwa mbele ya mfalme huko Holyrood. Alinyolewa nywele, akapekuliwa mwili mzima kutafutwa alama ya Ibilisi, akateswa mpaka akakiri. Na mwezi wa Januari 1591 alinyongwa na maiti yake kuchomwa moto. Mwaka 1597 mfalme huyohuyo alitoa kitabu cha kutetea imani kwamba wachawi wapo. Ukiri uliotolewa kwa mateso ndio uliohesabiwa ushahidi, na hapa ndipo dhuluma ilipoanzia.

Lakini fundisho lilelile lilikuwa na ukali wa pili. Mwaka 1539 Johannes Brenz, mhubiri wa Schwäbisch Hall katika Ujerumani, alihubiri baada ya mvua ya mawe kuharibu mashamba. Alisema mvua huletwa na Mungu. Shetani huiona ikija, humchochea mwanamke mnyonge afanye uchawi wake, naye hudhani kwamba yeye ndiye aliyeileta. Basi watu watazame dhambi zao wenyewe badala ya kumsaka jirani. Hata hivyo Brenz hakuthubutu kufika mwisho wa hoja yake, kwani aliona kwamba nia mbaya ya mwanamke huyo yatosha kumstahilisha adhabu.

George Gifford, mhubiri wa Maldon, Essex, aliisogeza mbele zaidi. Katika vitabu vyake vya 1587 na 1593 alieleza kwamba Shetani ajua mnyama yupi atakufa kwa ugonjwa wake, hivyo huupanga ugomvi kati ya majirani utangulie kifo hicho. Watu wakimlaumu ajuza wa jirani, damu isiyo na hatia inamwagika, na anayefurahi ni Shetani. Gifford naye hakukana kwamba wachawi wapo. Alichokataa ni kuua kwa kudhania.

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika Ulaya nzima waliouawa kwa tuhuma za uchawi walikuwa kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake, katika nchi za Wakatoliki na za Waprotestanti pia.

Salem, Massachusetts, mwaka 1692, pande hizo mbili ziligongana waziwazi. Wasichana walianguka na kupiga kelele mahakamani wakidai wanateswa na vivuli vya washtakiwa. Jaji mkuu William Stoughton alishikilia kwamba Mungu hawezi kumruhusu Shetani avae sura ya mtu asiye na hatia. Watu 19 wakanyongwa, na mzee Giles Corey akagandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka. Mchungaji Increase Mather alijibu kwa Maandiko: Je, Shetani hakuvaa sura ya nabii Samweli kule Endori? Basi ushahidi wa vivuli ni ushahidi wa mwongo. Mwezi wa Oktoba Gavana Phips aliivunja mahakama ile. Mwaka 1697 jaji mmojawapo, Samuel Sewall, alisimama kanisani Boston huku toba yake ikisomwa mbele ya wote.

Huko Amsterdam, Balthasar Bekker alikwenda mbali zaidi, akifundisha kwamba Ibilisi hana uwezo wowote juu ya mambo ya dunia hii. Mwaka 1692 alivuliwa uchungaji. Sheria za kuua wachawi za Uingereza na Scotland zilifutwa mwaka 1736, na tangu hapo aliyeadhibiwa ni mwenye kujidai ana uwezo wa uchawi. Kule Scotland, mwaka 1743, Wapresbiteri waliojitenga na kanisa la taifa walikuwa bado wakiihesabu hatua hiyo miongoni mwa dhambi za nchi yao.