Walioanza walikuwa wangapi?

Na Tumaini Mwasomola

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, macho yote huenda kwenye namba zinazoanza na S, za watahiniwa wa shule. Za P, za watahiniwa wa kujitegemea, hupitiwa juu juu, na anayezisoma huishia kuguna: sifuri kibao, ABS ya asiyefika mtihanini kila baada ya mistari michache. Humo ndimo walimo wanafunzi wa elimu mbadala, wale wanaomaliza sekondari ya miaka minne kwa miaka miwili katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vya watu binafsi. Nasema matokeo ya kituo cha namna hiyo hayatufundishi kitu mpaka tuambiwe waliosoma pale ni akina nani.

Chukua kituo chenye watahiniwa 12. Wakifeli wawili, ufaulu umeshuka kwa karibu asilimia 17. Katika shule ya watahiniwa 300, wawili hao hawafiki hata asilimia moja. Mama mmoja akiamka na mtoto mwenye homa siku ya Hisabati, kituo kizima kinaonekana kimeporomoka. Halafu kapu lenyewe la P lina mchanganyiko. Yumo anayerudia masomo mawili baada ya miaka minne ya darasani, na yumo aliyeacha shule kidato cha kwanza, akapita Mtihani wa Maarifa unaompa sifa ya kujisajili kidato cha nne, na leo anauona mtihani huu kwa mara ya kwanza. Binti aliyekuwa na miaka 15 Juni 2017, Rais Magufuli aliposema aliyejifungua hatarudi shule ya Serikali, alikuwa na 19 wakati ruhusa ya kurudi ilipotangazwa Novemba 2021. Huyo huwezi kumweka mzani mmoja na anayesahihisha D zake mbili, kisha ukasema umepima walimu.

Najua nitakachojibiwa: hivyo ni visingizio, cheti ni cheti, mwajiri haulizi ulikuwa unalea nani. Kweli, na ndiyo maana sigusi usahihishaji. Mtihani ubaki uleule. Ninachokataa ni kukihukumu kituo kwa asilimia tupu. Tena asilimia hiyo ndiyo kichaka cha wazembe. Kituo kinachopokea warudiaji pekee kitang'ara bila jasho, na kinachowashauri wanyonge "wajipange mwakani" kabla ya usajili kitang'ara zaidi. (Shule za kawaida nazo zinaujua mchezo huu, tusijifanye.) Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, likieleza kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana. Basi hatua ifuatayo si kubwa: kila kituo kitoe idadi ya walioandikishwa mwanzo, waliosajiliwa na waliofanya mtihani, pamoja na umri, jinsia na miaka waliyokaa nje ya shule. Vituo vidogo vijumlishe miaka mitatu, ili takwimu zitulie na asiwepo wa kunyooshewa kidole mtaani.

Wewe mzazi unayemtafutia binti kituo, usiridhike na karatasi ya ufaulu iliyobandikwa mlangoni. Muulize mratibu walioanza walikuwa wangapi, na asipojua, nenda kituo kingine.