Fulana Tumechoka, Tupeni Ufunguo

Wadada zangu, kaka zangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya, leo tuambiane ukweli.

Kila mwaka, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, kambi inapambwa. Ni zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Tunagawiwa fulana, tunapangwa mstari, tunapewa igizo ambalo limeshaandikwa ofisini. Mume mlevi anampiga mkewe, jirani anamwita mhamasishaji, mhamasishaji anataja namba ya simu, wote wanacheza. Wageni wanapiga picha. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, tunasaini, tunapewa soda. Tarehe 11 Desemba kile kituo kinachoitwa cha wanawake kinapigwa kufuli, na ufunguo unaondoka na gari la saa kumi.

Halafu ripoti inasema tumeshirikishwa. Jamani, huko ni kuazimwa. Umeazima sauti yangu, umeazima mwili wangu kwa saa mbili, umenirudisha nyumbani kwangu kwenye matatizo yaleyale.

Mtauliza, sasa wewe unataka nini? Ngoja niwape mfano.

Mwaka 1971, huko Los Angeles, Marekani, wasanii wawili, Judy Chicago na Miriam Schapiro, walikuwa wakifundisha sanaa kwa kundi la mabinti chuoni. Hawakuwa na jengo la kufanyia kazi. Wakapata nyumba chakavu iliyokuwa ikisubiri kubomolewa. Madirisha yamevunjika, maji hakuna. Mabinti wakaingia na nyundo. Wakaweka vioo, wakapaka rangi, wakajifunza useremala palepale. Na kabla ya kuchora chochote, walikaa duara, kila mmoja akasema yake kwa zamu: jikoni kwao kulikuwaje, mama yake aliishije, nini kilimuuma. Sanaa ikatoka humo. Kabati la mashuka likawekwa sanamu ya mwanamke aliyebanwa kati ya rafu, mguu mmoja ukiwa tayari nje. Nyumba ikaitwa Womanhouse. Ilifunguliwa kwa watu kuanzia 30 Januari hadi 28 Februari 1972, na siku ya kwanza waliingia wanawake tu.

Humo ndani msanii mmoja, Faith Wilding, aliketi kwenye kiti akitaja mambo ambayo mwanamke anayasubiri tangu kuzaliwa mpaka uzee. Kazi hiyo inaitwa Kusubiri. Ebu niambieni, nani duniani anajua kusubiri kuliko binti mkimbizi? Anasubiri mgao, anasubiri usaili, anasubiri jina lake libandikwe ubaoni, anasubiri zamu ya bomba. Tungekuwa na chumba, kazi hiyo tungeifanya sisi, na watu wangelia.

Ile nyumba ilibomolewa. Lakini mwaka 1973 Judy Chicago na wenzake wawili, Sheila de Bretteville na Arlene Raven, walifungua jengo kubwa zaidi, Woman's Building. Walilazimika kuhama baada ya muda mfupi, wakahama, wakaendelea hadi 1991. Mtaniambia wale wengi walikuwa Wazungu wa maisha ya kati. Ni kweli, na walikosolewa kwa hilo, kwa haki. Siombi tuige jiko lao. Naomba tuige nyundo. Wao walianza na mahali, kisha maneno yao yakaja. Kwetu ujumbe unafika ukiwa tayari, sisi tunatafutwa wa kuusema.

Wengine watasema ufeministi ni kitu cha kuletwa. Someni historia ya hapa kwetu. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kusimama majukwaani kudai uhuru wa Tanganyika, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma, na maelfu wakajiunga. Vikundi hivyo wanawake walikuwa wameviunda wenyewe, na viongozi wake waliwachagua wenyewe. Ngoma ilikuwa mahali pa kukutana, na palipokuwepo mahali, siasa ikapata pa kukaa.

Kaka zangu mnaonong'ona kwamba tutavunja ndoa: ndoa inayovunjika kwa sababu mke amekaa na wenzake saa mbili kuchora, ilikuwa imesimama kwa nini?

Sasa ninyi wa mashirika. Hoja yenu ya kwanza ni kwamba chakula kimepungua, sanaa isubiri. Njaa tunaijua kuliko ninyi. Na kila mmoja kwenye bloku anajua kwamba mgao ukikatwa, ngumi zinaongezeka nyumbani na binti wa miaka 15 anaanza kutafutiwa mume. Wakati huo ndio anahitaji mlango ulio wazi. Tena hatuombi mjenge. Chumba kipo, kimefungwa.

Hoja ya pili: vitu vikiibiwa nani atawajibika? Hii inanichekesha. Wanawake haohao mnaoogopa kuwapa ufunguo mmoja, ndio wanaotunza sanduku la akiba lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hela za watu 25 ndani. Mnawasifu kwenye mabango yenu kwa hilo. Wanaaminiwa na pesa, hawaaminiwi na brashi?

Na msiseme mkimbizi hawezi kuendesha jambo kubwa. Kambi ya Dzaleka, Malawi, ina tamasha linaloitwa Tumaini, lilianzishwa mwaka 2014 na mshairi mkimbizi kutoka Kongo. Watu wanatoka nje ya kambi kuja kusikiliza.

Basi haya ndiyo tunayoyataka. Ufunguo ukae kambini, kwa wanawake watatu waliochaguliwa na wenzao. Kituo kifunguliwe jioni na Jumapili, maana asubuhi tuko kwenye foleni. Iwepo kona ya watoto, na anayewaangalia alipwe. Siku moja kwa wiki iwe ya wanawake tu, siku nyingine mtaa wote uje, na wanaume waje wakae, wasikilize, washike brashi. Anayechora ukuta alipwe kama alivyolipwa fundi aliyeujenga. Nembo yenu isikae juu ya mchoro wetu. Na picha isipigwe mpaka mwenye sura akubali, kwa sababu wapo waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mfadhili mpya. Yanahitaji mtu mmoja ofisini aamue.

Na ninyi wasichana, msingoje barua. Duara halihitaji paa. Wiki hii kaeni watano chini ya mti au nyuma ya bomba, kila mmoja aseme jambo moja analolisubiri, mwingine aliandike. Wiki ijayo muwe kumi. Mkifika thelathini, nendeni pamoja mkaombe ufunguo, muone kama kuna atakayethubutu kuwagawia fulana.