Bahasha Isiwe Daraja Kati ya Benki na Wakala wa Nyumba

Miongoni mwa vijana wanaohitimu katika vyuo vyetu kila mwaka, wamo wachache wanaobahatika kuajiriwa na benki au na vyama vya akiba na mikopo kuwa maafisa wa mikopo ya nyumba. Siku ya kwanza kijana hupewa meza, kitambulisho chenye picha na kabrasha la masharti. Siku ya pili meneja humtajia idadi ya mikopo anayotarajiwa kuileta kabla ya robo ya mwaka kumalizika. Aghalabu hakuna anayemweleza wateja hao watatoka wapi.

Swali hilo si dogo. Kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu, mikopo ya nyumba iliyokuwa ikilipwa katika mabenki yetu mwishoni mwa mwaka wa 2023 ilikuwa takriban 30,000 pekee, katika nchi ambayo hesabu ya watu ya 2019 iliikuta na zaidi ya watu milioni 47. Walimu walioajiriwa na serikali peke yao ni zaidi ya 300,000. Hata kama kila mkopo wa nyumba nchini ungalikuwa wa mwalimu, walimu tisa katika kila kumi wangalibaki bila. Wakenya wengi hujenga kidogo kidogo kwa fedha taslimu: mwaka huu ploti, mwaka ujao msingi, na mabati yakingojea mkopo wa chama. Wachache wanaotaka kununua nyumba iliyokwisha kujengwa hawaanzii benki. Huanzia kwa wakala wa nyumba, kwa sababu wakala ndiye mwenye bango langoni na ufunguo mfukoni.

Basi kijana wetu hana budi kujuana na mawakala. Hilo halina aibu yoyote. Aibu ipo katika njia ambayo wengi huonyeshwa na waliowatangulia kazini. Huambiwa kwamba wakala hamwelekezi mteja mahali bure, na kwamba kila mkopo ukipitishwa kuna bahasha inayopaswa kuvuka barabara. Mahali pengine bahasha huja upande wa pili, kutoka kwa wakala kwenda kwa afisa, ili faili la mnunuzi fulani lipandishwe juu ya mengine. Pande zote mbili huiita shukrani. Mimi sioni vipi shukrani inaweza kukubaliwa bei kabla ya wema wenyewe kutendwa.

Tujiulize fedha hizo hutoka wapi. Wakala hulipwa ada yake na muuzaji, kwa asilimia ya bei. Afisa hulipwa mshahara na mwajiri wake. Kilichomo ndani ya bahasha hakina budi kuchimbwa mahali, na mahali pa karibu ni kwa mnunuzi: katika bei iliyosukumwa juu kidogo, katika gharama isiyofafanuliwa, au katika mkopo uliopitishwa ilhali ulistahili kukataliwa. Mnunuzi huyo aghalabu ni mtu wa mshahara, mwalimu au muuguzi, anayefanya ununuzi mkubwa kuliko wote atakaoufanya maishani mwake.

Wenzetu wa Marekani, ambako kazi ya afisa wa mikopo ya nyumba ina ushindani mkali, waliukuta ugonjwa huu zamani. Mwaka wa 1974 bunge lao lilipitisha sheria kuhusu taratibu za kukamilisha ununuzi wa nyumba, na kifungu chake cha 8 kinakataza kutoa au kupokea kitu chochote cha thamani kwa makubaliano ya kuelekezana wateja. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo haikuzuia urafiki wala haikuzuia malipo ya kazi iliyofanywa kweli. Ilichokataza ni kumfanya mteja kuwa bidhaa inayouzwa kabla hajajua kwamba anauzwa. Hapa kwetu, Sheria ya Hongo ya 2016 inazigusa kampuni za watu binafsi sawa na afisi za serikali, jambo ambalo vijana wengi wa mabenki hawalifahamu, kwa kuwa wamezoea kudhani mlungula ni wa polisi na makarani tu.

Lakini kumwambia kijana asitoe bahasha bila ya kumwonyesha njia nyingine ni kumwacha njia panda. Njia ipo, na inaanza kwa kuuliza wakala anataka nini hasa.

Mtu akikaa saa moja katika afisi ya wakala atasikia malalamiko yale yale. Mawakala wengi humkwepa mnunuzi wa mkopo na kumkimbilia mwenye fedha mkononi, hata kama huyu wa pili anatoa bei ya chini. Sababu ni kalenda. Kwa desturi yetu, mnunuzi akitia sahihi mkataba hulipa asilimia 10 ya bei, kisha hupewa kama siku 90 kukamilisha. Ndani ya siku hizo mthamini wa benki aende kuikagua nyumba, wakili achunguze hatimiliki, idhini zinazotakiwa zipatikane, ushuru wa stempu ulipwe, na rehani isajiliwe katika afisi ya ardhi. Karatasi moja ikikwama, siku zinakwisha. Muuzaji hutoa ilani, na huenda mnunuzi akaipoteza ile asilimia 10 aliyoiweka. Wakala naye hupoteza ada ya kazi aliyoifanya kwa miezi kadhaa, na lawama za muuzaji humwangukia yeye.

Kinachomsumbua wakala, kwa hiyo, ni kutojua. Hajui kama mteja huyu atakubaliwa, wala faili limefika wapi, na simu yake benki haijibiwi. Afisa mgeni asiyekuwa na jina wala mafungu ya fedha anaweza kumpa kitu ambacho bahasha haiwezi kukinunua, yaani jibu la kweli mapema.

Tuchukue mfano. Mwalimu ameipenda nyumba ya shilingi milioni 4. Anayo ile asilimia 10, shilingi 400,000, na anataka kukopa milioni 3.6 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka atatakiwa kulipa karibu shilingi 44,770 kila mwezi. Mshahara wake, tuseme, ni shilingi 80,000. Kila mwalimu anaijua kanuni ya theluthi moja: Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla kupita theluthi mbili za mshahara, yaani hapa kama shilingi 53,300. Ukitoa kodi ya mapato, bima ya afya, ada ya nyumba ya asilimia 1.5, mchango wa uzeeni na mkopo wa chama ambao mwalimu gani hana, marejesho hayo hayana pa kuingia. Isitoshe, ikiwa nyumba iko mjini kuna ushuru wa stempu wa asilimia 4, ambao ni shilingi 160,000 nyingine, mbali na wakili na mthamini.

Afisa mwenye bidii anaweza kuifanya hesabu hii alasiri moja, akiwa na hati ya mshahara ya mwalimu mbele yake. Anayetafuta idadi ya mikopo tu atalipokea faili, alichukue ada ya maombi, na kuiacha kamati ya mikopo imkatae mwalimu baada ya wiki sita, wakati asilimia 10 imekwisha kutolewa. Anayejenga jina atamwambia mwalimu siku ile ile kwamba nyumba hii haimfai kwa masharti haya, kisha watazame pamoja kama mwenzi wake wa ndoa anaweza kuungana naye katika mkopo, au kama ipo nyumba ya bei nafuu zaidi. Atamweleza pia kuhusu mikopo inayotokana na kampuni ya Kenya Mortgage Refinance, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka wa 2020, ambayo haimkopeshi mwananchi moja kwa moja bali huzikopesha benki na vyama vya akiba na mikopo ili navyo vikopeshe kwa riba ya chini. Mkopo ule ule wa milioni 3.6 ukitozwa asilimia 9 ungalihitaji shilingi 32,390 hivi kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya shilingi 12,000 kila mwezi, kwa miaka 20. Hata hapo huenda mwalimu wetu asiweze peke yake, lakini akiwa na mwenzi wake hesabu inaanza kukubali.

Wakala aliyepelekewa jibu la namna hiyo mara tatu au nne, hata kama mengine ni ya kukataa, hatahitaji kubembelezwa. Atajua kwamba afisa huyu akisema mteja anaweza, basi anaweza. Naye afisa asiende kumtembelea wakala Jumamosi, siku ya kuonyesha nyumba; aende katikati ya wiki, akae, aulize ni mauzo gani yaliyovunjika mwaka huu na yalivunjikia wapi. Atajifunza mengi ambayo kabrasha la benki halina.

Kuna jambo moja ambalo naliona zito kuliko bahasha yenyewe, na ambalo halizungumzwi. Urafiki huu una mpaka. Wakala, hata awe mwungwana namna gani, anamtumikia muuzaji. Afisa akimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mwalimu fulani anastahili kukopeshwa hadi milioni 5, nyumba iliyokuwa ya milioni 4 inaweza kuamka kesho ikiwa ya milioni 4.7. Wakala anapaswa kuambiwa kama mteja anaimudu nyumba anayoiangalia. Kiwango cha juu cha mkopo ni siri ya mteja. Hati ya mshahara isipigwe picha na kutumwa kwa simu kati ya marafiki, jambo ambalo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haina mzaha nalo. Wala afisa asikubali kumnong'oneza mthamini kwamba bei imekwisha kukubaliwa na ni vyema makadirio yafanane nayo. Mthamini yuko pale ili benki na mnunuzi wasiilipie nyumba thamani isiyokuwa nayo. Wakala atakayekasirika kwa kunyimwa haya hakuwa rafiki wa kutegemewa.

Walimu wenzangu mnaofundisha somo la biashara mnaweza kulitumia lile kokotoo la juu darasani. Wanafunzi watalielewa upesi kwa kuwa wengi wao wameona hati za mishahara za wazazi wao zikiwa zimekatwakatwa. Na mwalimu anayetafuta nyumba ana haki ya kumuuliza wakala kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, ambayo imekuwapo tangu 1984, na kumuuliza vilevile kama kuna chochote anachokipata kwa kumpeleka kwa afisa huyu badala ya yule.

Sehemu iliyobaki ni ya mabenki. Kijana anayehesabiwa mikopo tangu mwezi wa kwanza, na ambaye kazi yake inaning'inia katika hesabu hiyo, atafuata njia fupi kama waliomtangulia. Apewe walau miezi sita ya mshahara usiotegemea idadi, apelekwe afisi ya ardhi akaone faili linavyokwama, na mwisho wa mwaka apimwe pia kwa mikopo yake inayolipwa bila ya kuchelewa.