Nguzo Nne za Unajimu wa Kichina: Ni Mbingu Zisemazo au ni Desturi?

Katika Hong Kong, Taiwan, Singapore na kwingineko waishiko Wachina, zipo familia ambazo, kabla ya kukubali posa, humpelekea mnajimu siku na saa za kuzaliwa za vijana wawili wanaotaka kuoana. Mnajimu huandika alama nane kwa kila mmoja, kisha hutamka yupi atakuwa mume mwema, yupi atakuwa mke mtiifu na yupi yafaa aepukwe. Unajimu huo huitwa Bazi, yaani Alama Nane, au Nguzo Nne. Aghalabu watu wa sayansi huutupa kwa neno moja, ushirikina, kisha huendelea na shughuli zao. Kuutupa hivyo hakumfunzi mwanafunzi kitu. Faida kubwa zaidi hupatikana kwa kuufungua mfumo wenyewe, kama fundi afunguavyo saa, na kuchunguza kila gurudumu limetoka wapi.

Gurudumu la kwanza ni kalenda, na hilo halina kasoro. Nguzo nne ni mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Kila nguzo ina alama mbili: moja kutoka katika mashina 10 ya mbingu na nyingine kutoka katika matawi 12 ya ardhi. Mashina na matawi yakienda sambamba hurudi mwanzo baada ya hatua 60, kwa kuwa 60 ndicho kigawe kidogo cha shirika cha 10 na 12. Miezi ya Nguzo Nne haifuati mwezi wa angani bali hufuata mwendo wa jua, uliogawanywa katika vituo 24 vya nyuzi 15 kila kimoja. Wachina wamehesabu siku kwa mzunguko huo wa 60 kwa zaidi ya miaka 2,000. Hiyo ni elimu ya falaki na hesabu, nayo yastahili heshima.

Gurudumu la pili ndilo lenye utata, kwani hapo ndipo alama hugeuzwa kuwa watu. Shina la siku huhesabiwa kuwa ni mwenyewe aliyezaliwa. Zamani kipimo kilikuwa mwaka. Utaratibu wa kutumia siku hunasibishwa na Xu Ziping, wa zama za ukoo wa Song uliotawala tangu 960 hadi 1279. Chini ya shina hilo kuna tawi la siku, nalo huitwa nyumba ya mwenzi wa ndoa. Nguzo ya mwaka ni ya mababu, ya mwezi ni ya wazazi, na ya saa ni ya watoto. Kisha kila shina hupewa mojawapo ya asili tano: Mti, Moto, Udongo, Metali au Maji. Asili hizo huzaana: Maji huzaa Mti, Mti huzaa Moto, Moto huzaa Udongo, Udongo huzaa Metali, na Metali huzaa Maji. Tena hushindana: Maji hushinda Moto, Moto hushinda Metali, Metali hushinda Mti, Mti hushinda Udongo, na Udongo hushinda Maji.

Mathalani, mwanamume amezaliwa na shina la siku la Mti. Maji huzaa Mti. Basi Maji ni mama yake. Baba ni nani? Hapa mfumo huingiza kanuni kwamba mume humshinda mke. Kishindacho Maji ni Udongo. Basi Udongo ni baba. Mke wa mtu huyo naye hana budi kuwa kile ambacho Mti hukishinda, nacho ni Udongo uleule. Udongo huzaa Metali. Basi Metali ni watoto wake. Kwa mwanamke wa Mti mambo hugeuka. Mume wake ni Metali imshindayo, na watoto wake ni Moto auzaao. Majina ya alama hizo yanajieleza yenyewe. Alama ya mke huitwa Mali, na alama ya mume huitwa Ofisa. Mali nayo ina sura mbili, moja ya mke halali na nyingine ya suria. Na kwa kuwa Moto hushinda Metali, mwanamke mwenye Moto mwingi hudhaniwa kuwa atamdhuru mumewe; alama yake huitwa Kumjeruhi Ofisa.

Mwanafunzi wa jometri atatambua mara moja kilichofanyika. Jedwali zima limetolewa katika dhana mbili tu: kwamba mama huzaa, na kwamba mume humtawala mke. Ya kwanza ni kweli ya biolojia. Ya pili ni desturi ya jamii fulani katika wakati fulani. Hakuna nyota iliyopimwa wala ndoa iliyohesabiwa ili kuifikia. Tena dhana hizo humfikisha mnajimu mahali asipopakusudia. Metali hushinda Mti, kwa hiyo kila mtoto humshinda baba yake, katika nchi ambayo kwa karne nyingi ilifundisha utii wa mtoto kwa mzazi kuliko karibu jambo jingine lolote. Lau jedwali lingetokana na kutazama maisha, lisingalisema hivyo.

Watetezi husema kwamba wafasiri wa leo wamebadilika: Ofisa wa mwanamke huweza kufasiriwa kuwa kazi yake, na Mali kuwa mshahara wake. Hoja hiyo huubomoa mfumo badala ya kuutetea. Sheria ya ndoa ya Jamhuri ya Watu wa Uchina ya mwaka 1950 ilipiga marufuku usuria. Hong Kong ilifanya hivyo mwaka 1971. Jua halikubadili njia yake katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni sheria na fikira za watu, na fasiri zikafuata nyuma.

Hesabu nayo ina lake la kusema. Shina la mwezi huamuliwa na mwaka, na shina la saa huamuliwa na siku. Kwa hiyo michoro yote iwezekanayo ni 60 × 12 × 60 × 12, yaani 518,400. Wanadamu wamepita bilioni 8. Kwa wastani, basi, kila mchoro una watu zaidi ya 15,000 walio hai. Je, wote hao wana ndoa za namna moja?

Kama jambo hili lingekuwa mchezo wa barazani, lisingestahili kurasa. Lakini lina gharama. Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto, urudio kila baada ya miaka 60. Huko Japani, nchi iliyopokea kalenda hiyo kutoka Uchina, iliaminika kwamba msichana aliyezaliwa mwaka huo angekuja kumuua mumewe. Watoto waliozaliwa Japani mwaka 1965 walikuwa kama 1,824,000; mwaka 1966 walishuka hadi 1,361,000 hivi; mwaka 1967 wakapanda hadi 1,936,000 hivi. Robo nzima ya uzazi ilitoweka kwa mwaka mmoja, wavulana kwa wasichana, kwani wazazi hawakuweza kujua mapema jinsi ya mtoto. Farasi hakumuua mume yeyote. Woga ndio uliopunguza watoto. Mwaka 2026 ni zamu yake tena.

Dai la namna hii laweza kupimwa. Mwaka 2007 mtafiti David Voas alichunguza ndoa zipatazo milioni 10 katika sensa ya mwaka 2001 ya Uingereza na Wales, akitafuta kama nyota 12 za unajimu wa Magharibi huvutana katika ndoa. Hakuona dalili yoyote. Njia hiyo yafaa pia kwa Nguzo Nne: mnajimu apewe michoro isiyo na majina, ya waliodumu katika ndoa na ya walioachana, kisha ihesabiwe ni mara ngapi amepatia kuliko mtu akisiaye kwa kurusha sarafu.

Wala swali hili si la kigeni kwa Wachina. Katika karne ya kwanza, mwanafikra Wang Chong aliuliza: ikiwa Panya ni Maji na Farasi ni Moto, na Maji hushinda Moto, mbona panya hamfukuzi farasi? Hakuhitaji darubini wala maabara kuuliza hivyo.

Mwalimu wa sekondari naye hahitaji. Wanafunzi wake wanazo ramli na nyota zao, na wapo watakaosikia siku moja kwamba nyota za wachumba hazipatani. Yafaa wazoee mapema kuuliza maswali mawili: kanuni hii imetoka katika kupima au katika mazoea, na ni nani anayenufaika ikiaminiwa? Katika Nguzo Nne jibu la swali la pili limeandikwa wazi: mmoja huitwa Ofisa, na mwenzake huitwa Mali.