Mbunge Arudipo Jimboni Alete Hesabu

Kila Bunge linapoahirishwa mjini Dodoma na sikukuu zikawa zimekaribia, barabara ya kwenda Nyanda za Juu Kusini hujaa magari ya waheshimiwa. Wapo wanaoishia Iringa na Kilolo, wapo wanaopanda hadi Mafinga, na wapo wanaopita Makambako na Igawa kuelekea Mbarali, Mbeya, Rungwe na Kyela. Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na Idd huwakuta wakiwa miongoni mwa wapiga kura wao. Huonekana makanisani na misikitini, katika wodi za wazazi, kwenye vituo vya watoto yatima na katika viwanja vya mpira. Hugawa mchele, sukari, mafuta ya kupikia, jezi na mabati. Picha hupigwa, makofi yakapigwa, na baada ya siku chache magari hurudi yalikotoka.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawahitaji kusimuliwa jambo hili kana kwamba ni la ugenini. Huku kwetu nako, unapoingia mwezi mtukufu, wabunge na wawakilishi hupita majimboni na tende, unga na mchele wa futari. Mila ni moja, ila kalenda ndiyo hutofautiana. Ndiyo maana tumeona inafaa leo tuutazame mfano wa Mbeya na Iringa, mikoa ambayo mazao yake huteremka hadi pwani, tujiulize swali ambalo ni letu sote: mwakilishi wa wananchi anaporudi nyumbani wakati wa sikukuu, anapaswa kuja na nini?

Tuseme mapema kwamba kurudi kwenyewe ni jambo jema. Kiongozi asiyeonekana jimboni mpaka siku za kuomba kura hastahili kuitwa mwakilishi. Kumpa mkono mjane au kumtembelea mgonjwa ni utu, na wazee wetu walitufundisha kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini wazee hao hao walituambia pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mbunge wala si mgeni katika jimbo lake. Jembe lake alikwisha kulipokea siku ile alipokula kiapo, na wananchi wanayo haki ya kuuliza amelima wapi na amelima kiasi gani.

Jembe hilo limeelezwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 63 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kazi zake zimetajwa moja moja: kuwauliza mawaziri maswali, kuujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria, na kuridhia mikataba. Katika orodha hiyo hakuna mchele wala jezi. Hakuna pia madaraka ya mbunge kujenga barabara au zahanati. Ibara ya 99 inaweka wazi kwamba Bunge haliwezi kushughulikia pendekezo la kutoza kodi au kutumia fedha za Hazina isipokuwa liwe limewasilishwa kwa idhini ya Rais kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo mbunge anayesimama siku ya Krismasi na kusema "nitawajengea barabara" anaahidi mali isiyo yake. Alicho nacho kihalali ni ulimi wa kusemea, jicho la kukagua na kura ya kuamua. Hivyo vitatu ndivyo vya kutolewa hesabu.

Jambo hili limetatanishwa zaidi na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha za mfuko huo ni za umma, na mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayozisimamia. Nia ilikuwa njema: miradi midogo isisubiri mlolongo mrefu. Lakini mwananchi wa kawaida aonapo madawati au mifuko ya saruji inakabidhiwa na mheshimiwa mbele ya kamera, atajuaje kama hiyo ni sadaka ya mtu au ni kodi yake mwenyewe inayomrudia? Asiyejua tofauti hiyo hushukuru pale ambapo angepaswa kukagua.

Taifa letu halikuanza hivi. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, uliofanywa chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea walisimama pamoja katika mikutano iliyotayarishwa na Chama, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wakaulizwa maswali mbele ya watu. Aliyeshindwa kujibu alianguka, hata kama alikuwa Waziri. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa mwaka ule. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na historia imekwisha kuupita. Hata hivyo ulimzoesha mwananchi kumpima kiongozi kwa kauli na kazi.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Wengi walinung'unika kwamba rushwa imevishwa kanzu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini macho ya sheria hiyo yanatazama zaidi kipindi cha uteuzi na kampeni. Zawadi itolewayo sikukuu ya mwaka wa pili au wa tatu, uchaguzi ukiwa bado mbali, hupita kwa jina la hisani. Hapo sheria hufika mwisho wake, na kinachobaki ni maadili ya kiongozi na macho ya wananchi.

Sasa tutazame ni mambo gani yanayowasubiri wabunge wa mikoa hiyo miwili, tuone kama mfuko wa mchele unaweza kuyajibu.

La kwanza ni la watoto. Iringa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa chakula nchini. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Maana yake ni kwamba ghala limejaa na mtoto wa mwenye ghala hakui. Udumavu hautokani na upungufu wa mlo wa siku moja ya sikukuu. Unatokana na mlo usio na mchanganyiko mwaka mzima, mama anayelima mpaka siku ya kujifungua, maji yasiyo salama na zahanati isiyo na mhudumu. Serikali ilikwisha kuziagiza halmashauri zitenge Sh. 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Anaweza kuuliza ni kiasi gani kilitengwa, ni kiasi gani kilitolewa, na kilinunua nini. Jibu la swali hilo, likibandikwa ukutani katika ofisi ya kata, lina thamani kuliko magunia mia ya sikukuu.

La pili ni la mbolea. Ilipofika mwaka 2022, bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani kote na mkulima wa mahindi alibaki ameshika kichwa. Siku ya Nane Nane mwaka huo, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo ilipanda kutoka Sh. bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh. bilioni 954 mwaka 2022/23. Hivyo ndivyo hali ya mkulima inavyobadilika: kwa uamuzi wa Serikali uliopitishwa na Bunge katika bajeti. Lakini fedha kupitishwa ni jambo moja, na mfuko wa mbolea kumfikia mkulima kabla ya mvua ni jambo jingine. Sikukuu za Desemba huangukia katikati ya msimu wa kupanda. Hakuna wakati ulio bora kuliko huo wa mbunge kukagua kama mbolea imefika, na kurudi Dodoma na majina ya vijiji ambako haikufika.

La tatu ni la soko. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao kutoka nje, na ndizi za Rungwe pamoja na mchele wa Kyela vikakwama upande wetu wa mpaka. Aprili mwaka huo Tanzania nayo ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kabla ya nchi hizo kukaa mezani na zuio hilo la upande wetu kuondolewa. Mama mwenye mkungu wa ndizi Tukuyu hakuvunja sheria yoyote, lakini bei yake iliamuliwa na watu asiowafahamu. Mwenye uwezo wa kumwuliza Waziri kuhusu mikataba ya biashara na majirani ni mbunge wake.

La nne ni la ardhi. Tangazo la Serikali Namba 28 la mwaka 2008 lilipanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi bonde la Usangu, na baadhi ya vijiji vya Mbarali vikajikuta katika mgogoro wa mpaka uliodumu miaka mingi. Maji ya bonde hilo ni uhai wa Mto Ruaha Mkuu na mabwawa ya umeme wa nchi, na mashamba yake ni uhai wa wakulima wa mpunga. Suala la uzito huo humalizwa kwa mjadala wa wazi na uamuzi wa haki, na mjadala huo unahitaji msemaji.

Hapa jiji la Mbeya linatupa funzo la pekee. Mwaka 2020 Dk. Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, akichukua nafasi ya Joseph Mbilinyi wa CHADEMA aliyelishika jimbo hilo tangu 2010. Februari 2022 akawa Spika, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Taasisi yake ya hisani, pamoja na mbio zinazobeba jina lake, zimejulikana sana Mbeya, na hatuna sababu ya kuzibeza. Tunasema tu kwamba Spika kwa desturi haulizi maswali wala hachangii mijadala kama mbunge wa kawaida. Jimbo linapompa nchi Spika hupata heshima, na wakati huo huo hupunguza sauti yake ukumbini. Katika hali kama hiyo ni rahisi sana hisani ikachukua nafasi ya uwakilishi machoni pa watu, hata bila mtu yeyote kukusudia. Mwaka 2025 jiji hilo liligawanywa kuwa majimbo mawili, Mbeya Mjini na Uyole. Sauti zimekuwa mbili, na wananchi wana haki ya kuzisikia zote.

Tunayasema haya tukijua nchi imepita wapi. Machafuko yaliyoandamana na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 yaliondoa roho za watu, na Mbeya ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Sherehe za Uhuru za Desemba mwaka huo hazikufanyika. Sisi tulio ndani ya Chama hatuna budi kuambizana ukweli: kijana aliyenyamazishwa kwa jezi hakutulia, alinyamaza tu. Mikutano ya jimbo ikigeuka kuwa ya kugawa na kupokea, wenye manung'uniko hutafuta pengine pa kuyasemea, na pengine hapo huwa na gharama kubwa.

Kwetu Visiwani tuna majimbo 50 yanayopeleka wabunge Dodoma, na Baraza la Wawakilishi hutuma wengine watano. Kilimo cha Mbeya si jambo la Muungano, lakini kura ya mbunge wa Wete au Makunduchi huhesabiwa pia bajeti inapopitishwa. Kwa hiyo kipimo tunachokitaka kwa Iringa, tukikubali nacho kwetu.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mbunge arudipo jimboni atoe taarifa ya maandishi: maswali aliyouliza, majibu aliyopewa, na kura alizopiga. Pili, kila ziara ya sikukuu iwe na mkutano wa hadhara ambamo wananchi watauliza kabla ya chochote kugawiwa. Tatu, matumizi ya Mfuko wa Jimbo yabandikwe katika ofisi za kata, na kila kitu kilichonunuliwa kwa fedha za umma kitajwe hivyo. Nne, anayetaka kutoa sadaka yake atoe kwa siri kadiri awezavyo, kwani walimu wetu wa chuoni walitufundisha kwamba sadaka haihitaji mpiga picha.

Wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri nao wana sehemu yao. Mbunge hawezi kutoa hesabu ikiwa takwimu zimefungiwa kabatini. Wazitoe bila kusubiri barua tatu.

Uongozi ni amana, na mwenye amana huulizwa. Wananchi wa Mbeya, Iringa, Unguja na Pemba wapokee wageni wao wa sikukuu kwa ukarimu kama ilivyo desturi yetu, wawakaribishe kitako, kisha wawaulize: Ndugu yetu, umetusemea nini?